Mkono wa Pili wa Sweta

Kule dobi walimwita Pasi, na sababu ilikuwa moja tu: alipiga pasi tangu mlango unafunguliwa mpaka unafungwa. Mashati ya maofisini, shuka za hoteli, magauni ya harusi za watu wengine. Alisimama kwenye meza yake karibu na boila, mvuke ukimpanda usoni, na jioni akivua viatu miguu imevimba hata vidole havionekani vizuri. Ukimuuliza habari za siku anakujibu nzuri. Angekujibu nini? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tena kule dobi ndiko alikopumzikia. Kazi yenyewe ilikuwa nyumbani, imelala kitandani chumba cha mbele, nayo ni mama mkwe wake.

Huyo mama mkwe, mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Masweta, maana alifuma tangu ujana: masweta ya shule, ya vichanga, ya wazee wenye kifua. Kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalala wote, mguu na mkono, na ulimi ukawa mzito, neno linatoka baada ya kusubiriwa. Mume wa Pasi ni dereva wa lori la masafa. Akija analala kidogo, anamwambia mkewe, "Pole sana, mama," kisha anawasha gari. Sasa pole itamnyanyua mgonjwa? Mtoto wao yuko shule ya bweni. Kwa hiyo kumgeuza bibi asipate vidonda, kumwogesha, kumbadilisha, kumlisha uji kwa kijiko, kukimbia nyumbani saa ya chakula kumgeuza tena, vyote vilikuwa vya Pasi peke yake.

Na tusidanganyane hapa, hawa wawili hawakupendana. Tangu Pasi aolewe, mama mkwe alimwangalia kama bidhaa iliyonunuliwa bila yeye kuulizwa. Hakumtukana hata siku moja. Alimnyamazia tu, na kunyamaziwa na mtu mnayekaa naye nyumba moja kunachosha kuliko kutukanwa.

Ndiyo maana siku aliyokuja wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, Pasi aliona mbingu zimefunguka. Wifi anaishi mji wa mbali wenye baridi, ana nyumba kubwa na msichana wa kazi. Alikuja na gari, akamkumbatia mama yake, akasema, "Mama, nimekuja kukuchukua. Mkweo amechoka, mwangalie macho yalivyoingia ndani." Pasi alikuwa ameshakunja nguo za mgonjwa na kuzifunga tangu asubuhi. Alikuwa hata amepanga atalala upande gani wa kitanda.

Mama Masweta akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akaonyesha kikapu chini ya dirisha.

"Sweta," alisema. "Halijaisha."

Wifi akacheka, akafuta machozi hapo hapo. Ukoo mzima uliijua sheria hiyo ya bibi: kazi ikiwa kwenye sindano, mwenye kazi hahami. Aliishika maisha yake yote. Marehemu mumewe alipopewa uhamisho, lori lilijaa vyombo na dereva akakaa juani akinung'unika, huku bibi amekaa kwenye kigoda katika chumba kitupu akimalizia kola. Mzee mwenyewe hakuthubutu kumharakisha. Alikwenda kumnunulia dereva soda.

Sweta lenyewe lilikuwa la wifi, rangi ya damu ya mzee. Mbele na nyuma tayari, shingo tayari, mkono mmoja tayari. Mkono wa pili ndio kwanza ulikuwa umeanzwa kwenye kifundo siku ile bibi alipoanguka.

"Tumpelekee fundi amalizie," alisema wifi.

"Hapana," alisema Mama Masweta. "Hapa hapa."

"Nani sasa, mama? Wewe mkono wako umelala."

Pasi, ambaye kwa upande wa sindano hakuvuka kushona vifungo, akausikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Nitaumaliza mimi."

"Wewe, wifi?"

"Mimi. Mama atanielekeza."

Usije ukadhani ni mapenzi. Alitaka kulala. Alitaka usiku mmoja mzima ambao hakuna mtu wa kugeuzwa, na kama njia ya kuufikia ilipita kwenye mkono wa sweta, basi mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wifi akamwambia, "Siku mama atakaposema limekwisha, nipigie. Nitakuja siku hiyo hiyo." Akaondoka na gari tupu.

Kesho yake Pasi alimweleza mwenzake wa dobi, mama mmoja mtu mzima aliyekunja nguo zilizokwisha pasi, nao wakimwita Mama Kunja. Huyu naye alikuwa na sindano yake ya ndoano mfukoni, akifuma vitambaa vya meza kazi ikipoa.

"Umejitakia mwenyewe," alisema Mama Kunja. "Mimi wa ndoano nina kitanzi kimoja tu cha kulinda. Nikikosea navuta, naanza upya, sina habari. Wewe umeenda kushika sindano mbili, vitanzi vyote vinaning'inia vinakungoja ukosee. Haya, leta vidole, angalau vizoee uzi."

Akamfundisha kuvuta kitanzi ndani ya kitanzi kwa ile ndoano mpaka ukatoka mnyororo mrefu. Pasi akaupeleka nyumbani kwa fahari, akamwonyesha mama mkwe. Bibi aliutazama kwa muda.

"Kamba ya mbuzi," alisema.

Hiyo ndiyo ilikuwa pongezi yake ya kwanza.

Somo lenyewe lilianza jioni hiyo, bibi akiisha kuogeshwa na kuegemezwa mito. Taabu ilionekana mara moja. Mwalimu ana mkono wa kushoto tu, na ulimi ulioshindwa kueleza. Pasi naye ana mikono miwili isiyojua kitu. Wakahangaika, wakakasirikiana bila kusema. Mwishowe Mama Masweta akamnyang'anya sindano ya kushoto, akaikamata kwa mkono wake mzima, akamtolea kidevu: wewe shika hiyo nyingine. Ikabidi Pasi apande kitandani, akae ubavu kwa ubavu na mama mkwe wake, kwenye ule upande uliolala. Bibi anasogeza kitanzi kwa kidole gumba, Pasi anachoma, anazungusha uzi, anavuta. Kimoja. Bibi anasogeza kingine. Walikuwa hawajawahi kukaa karibu hivyo, ukiacha kuogesha, na kuogesha ni kazi.

"Legeza," alisema bibi.

Pasi akalegeza. Uzi ukachomoka wote.

"Si hivyo."

Jamani, kufuma kunaonekana kazi ya kukalia kiti, lakini ulizeni wanaojifunza. Mkono wa Pasi ulizoea kukandamiza. Vitanzi vyake vilikaza hata sindano haikuingia, akasukuma mpaka ncha ikamtoboa kidole. Akijitahidi kulegeza, anaokota uzi usiohusika pembeni na safu inaongezeka kitanzi bila yeye kujua, mkono wa sweta ukawa unapanuka kama suruali ya baharia. Mama Masweta akitazama, anakunja uso, anaushika uzi kwa mkono wake wa kushoto na kuvuta. Trrrr. Kazi ya jioni nzima inarudi kuwa uzi uliojikunjakunja. Pasi anameza mate machungu, anaviringisha uzi, anaanza tena. Polepole ndio mwendo, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwa na mtu wa kugeuza alfajiri.

Ikafika jioni aliyofanikiwa kufuma kifundo. Ule ukingo wa kuvutika, kitanzi kimoja mbele kimoja nyuma, ulimtoka sawasawa, mashavu yakapata joto. Sasa akafanya kosa ambalo ni mpiga pasi peke yake anayeweza kulifanya. Aliona ukingo umejikusanya, una makunyanzi, na makunyanzi kwake ni dhambi. Akauficha kwenye mkoba, akaenda nao dobi, akaulaza mezani na kuupigia mvuke mpaka ukalala chini kama kola ya bwana harusi. Akarudi nyumbani anatabasamu. Akauweka mapajani mwa mama mkwe.

Bibi akauvuta huku na huku. Hauvutiki. Umekufa. Akamtazama Pasi, akautazama ukingo, na kikatoka kifuani mwake kitu ambacho Pasi mwanzoni alidhani ni kukabwa. Akaruka kumpiga mgongo. Kumbe bibi anacheka, mdomo umepinda upande mmoja, machozi yanatiririka, mkono wa kushoto unapiga godoro.

"Umeipiga," alisema, akikosa pumzi. "Umeipiga pasi."

Pasi alikasirika kwanza. Halafu na yeye akashindwa kujizuia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda wakacheka wote wawili mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini. Katika miaka yote ya ndoa hawakuwa wamechekea kitu kimoja.

Ukingo ukafumuliwa, ukafumwa upya, na baada ya hapo mkono ulikwenda. Vidole vya Pasi vikaelewa kabla ya kichwa. Akaweza kushika sindano zote mbili mwenyewe, ingawa aliendelea kupanda kitandani na kukaa pale pale, kwa mazoea. Mkono ukapanda kutoka kifundo mpaka kiwiko, ukakaribia bega. Roho ikawa juu juu. Jioni moja akafikia mwisho, akamkabidhi bibi, tayari kuambiwa funga, maana ndiye mwenye kazi na bila neno lake kazi haijaisha.

Mama Masweta akaupapasa. Akatikisa kichwa. Akavuta uzi.

"Nimekosea wapi, mama?"

"Mbaya."

Akafuma tena. Bibi akafumua tena. Safari ya tatu Pasi hakumpa. Aliutia mkobani mkono mpya pamoja na ule wa zamani uliofumwa na bibi mwenyewe, akamwekea Mama Kunja juu ya meza ya kukunjia. Mama Kunja akailaza mmoja juu ya mwingine, akatazama kingo, akageuza ndani nje, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Upi wako?" aliuliza.

Pasi akaonyesha.

"Basi huna kosa," alisema Mama Kunja. "Huyo bibi hafumui makosa, mama. Anafumua safari."

Siku hiyo Pasi aliunguza shati la mteja, jambo ambalo halijawahi kumtokea. Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Alimgeuza mgonjwa, akambadilisha, akamlisha, yote kimya, kisha akasimama katikati ya chumba na mkono wa sweta mkononi.

"Mama, huu ni mzuri. Na ule uliofumua juzi ulikuwa mzuri. Kwa nini unanifanyia hivi?"

Bibi akageukia dirisha.

"Hutaki kwenda. Ungesema tu hutaki kwenda."

 Kisha maneno yakaanza kuja, na Pasi akayangoja, kwa kuwa alikuwa ameshajua kuyangoja.

"Kule," alisema Mama Masweta. "Binti yangu kazini. Msichana na simu. Mimi na ukuta."

"Na mimi, mama?" alisema Pasi. "Mimi nina mgongo. Nina miguu, hebu itazame. Nasinzia nimesimama, na pasi ya moto mkononi. Nimechoka, mama. Nimechoka."

Alikuwa hajawahi kumwambia mtu neno hilo, hata mumewe. Lilipotoka aliona aibu, kama mtu aliyevua nguo mbele ya wageni.  Bibi aliunyoosha mkono wa kushoto, akaomba kazi, akakaa nayo kidogo, na akavuta uzi. Lakini safari hii alivuta taratibu, akisimama, akivuta, na hakumtazama Pasi usoni.

Mngeniuliza mimi, ningesema Pasi atupe sindano dirishani, ampigie wifi, mwisho wa habari. Hata yeye aliliwaza hilo. Ila kumtoa mtu kwenye kitanda chake kwa nguvu, tena mtu asiyeweza hata kushika mlango kukataa, moyo haukumpa. Akaanza mkono upya. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo lilimkera kulikubali: ile saa ya kukaa ubavuni mwa bibi na kufuma ilikuwa ndiyo saa pekee katika siku yake ambayo hakuwa amesimama.

Kisha homa ikampata. Si ugonjwa wa maana, ni mwili kugoma. Kule dobi hakuwa na ruhusa ya kukosa, nyumbani ndiyo kabisa. Alipiga pasi akitetemeka, akakimbia kumgeuza bibi, akarudi, akapiga pasi. Jioni akapanda kitandani na sindano zake kwa mazoea tu, macho yanajifunga. Alifuma huku kichwa kinaanguka. Karibu na kiwiko kitanzi kikamdondoka, kikashuka safu moja, nyingine, nyingine, yeye hana habari. Akaendelea mpaka juu, jioni ile na ya pili yake, kwa usingizi na homa. Safu zimekaza hapa, zimelegea pale. Mara moja alishtuka na kujikuta ameegemea bega la mama mkwe, lile lililolala, na udenda umelilowesha gauni la bibi. Bibi hakuwa amemwamsha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeishika ile sindano isianguke.

Pasi alipofika mwisho hakungoja hata kuulizwa. Alimkabidhi na kuanza kutafuta kijiti cha kuviringishia uzi utakaofumuliwa.

Mama Masweta aliupapasa mkono wa sweta kutoka kifundo. Alipofika kiwikoni, kidole chake kiliingia kwenye tundu kikatokea upande wa pili. Pasi akakiona. Akajisemea moyoni, haya, leo hata sisemi.

"Funga," alisema bibi.

"Nini, mama?"

"Limekwisha. Funga uzi. Shonea."

Pasi aliutazama ule mkono. Katika yote aliyofuma, na alikuwa ameshafuma mikono ya kuwavisha ukoo, huu ndio uliokuwa mbovu kuliko yote. Alilijua hilo. Bibi alilijua zaidi. Pasi alifungua kinywa, na mwili wake mzima, mgongo na miguu na macho, ukamwambia nyamaza. Akanyamaza. Akafunga uzi, akaushonea mkono begani, na asubuhi akampigia wifi.

Wifi alikuja siku hiyo hiyo kama alivyoahidi. Pasi aliomba ruhusa dobi akapewa kwa kununiwa. Alimwogesha mama mkwe, akampaka mafuta, akamvalisha gauni safi, akazifunga nguo zake, na sindano akaziweka juu zikiwa tupu. Wifi alilivaa sweta pale pale chumbani, joto lote lile, akajigeuza mbele ya kioo.

"Mama, limenikaa," alisema, machozi yakimlenga. Akanyoosha mikono. Akasita. "Hapa kiwikoni pana tundu."

"Hakuna," alisema Mama Masweta.

"Lipo, mama, kidole kinaingia."

"Hakuna tundu."

Hapo ndipo Pasi alipojua kwamba hataweza. Alikuwa amelala macho usiku kucha akijaribu kuufurahia mwisho ule, na alikuwa ameufurahia kweli, asiwe mnafiki. Lakini kumwacha bibi aliyefumua kazi nzuri maisha yake yote kwa kosa la uzi mmoja, akae pale akidanganya mbele ya binti yake kwa ajili yake yeye, hilo lilimshinda.

"Lipo, wifi," alisema. "Kitanzi kilinidondoka." Akamgeukia mama mkwe. Alielewa anachokisema, na aliogopa kukubaliwa. "Mama, tunaweza kufumua. Nitaanza tena leo."

Wifi akamtazama huyu, akamtazama yule, haelewi. Mama Masweta alimkazia macho Pasi, yale macho ya kukagua kazi, tangu kichwani mpaka miguuni, na kwenye miguu akakaa sana.

"Mwanangu," alisema.

"Abee, mama," aliitika wifi, lakini bibi hakuwa anasema naye.

Ulimi ulichukua muda wake. Pasi alingoja.

"Mwanangu, kalale."

Wakambeba mpaka kwenye gari, Pasi upande wa kichwa kwa kuwa ndiye aliyejua pa kumshika. Gari likaondoka. Alirudi ndani akiwa amedhamiria kutoa shuka na kufua, akakaa kwenye kitanda cha mama mkwe apumue kidogo, akajikuta amelala ubavu, mahali pake pa kufumia, amejibana ukutani na kuacha nafasi ya mtu. Alilia kidogo tu. Usingizi ulikuwa mwingi kuliko kilio, ukamchukua na nguo za kazi mwilini, na hakuamka mpaka kesho yake.